Nyanya Yuko Amu, Mjukuu Yuko Nairobi

Ukitaka kufika Amu kutoka Nairobi kwa njia ya nchi kavu, jitayarishe kwa safari ya zaidi ya kilomita 800. Utateremka hadi Mombasa kwa basi, au kwa gari la moshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka wa 2017. Kutoka hapo utapanda basi jingine, uvuke daraja la Kilifi, upite Malindi, uvuke Mto Tana karibu na Garsen, upite Witu, usimamishwe hapa na pale na askari wa ukaguzi, na hatimaye ufike Mokowe. Hapo barabara inakwisha na mbele yako ni maji. Utashusha mizigo, utaingia chomboni pamoja na magunia ya vitunguu na kreti za soda, na baada ya kama nusu saa utauona mji wa Amu umejipanga ufuoni.

Ndege ipo, nayo hutua Manda, ng'ambo tu ya mkondo. Lakini hebu piga hesabu ya nauli ya baba, mama na watoto watatu, kwenda na kurudi, nawe utaelewa ni kwa nini familia nyingi za Nairobi hungojea Desemba. Na Desemba nayo ikifika, huja na karo ya Januari mgongoni. Mwaka unapita, wa pili unapita, na mtoto hajamwona nyanyake.

Kwa mtu mzima, mwaka mmoja si kitu. Kwa mtoto wa miaka minne, mwaka mmoja ni robo ya umri wake wote. Nyanya aliyempakata alipokuwa na miaka miwili hamkumbuki tena. Analijua jina lake kama anavyolijua jina la mji alioutajiwa shuleni. Siku wakikutana, mtoto atajificha nyuma ya buibui la mamake, naye ajuza atacheka mbele za watu na kulia akiwa peke yake.

Msomaji, huenda kwenu si Amu. Huenda ni Bondo, Wundanyi, Meru au Busia. Makala haya yanatembea Amu kwa sababu ni mji ulio mbali kweli kweli na kila kona yake ina cha kuonyesha. Wewe badilisha majina tu, shabaha ni ile ile: jinsi ya kuitumia simu ya video ili mjukuu na nyanyake wasiwe wageni wa kila mmoja.

Barua hadi picha

Wazazi wetu waliandika barua, wakampa dereva wa basi au mtu wa kwao aliyekuwa akisafiri. Mwenye haraka alisimama kwenye foleni ya kibanda cha simu akiwa na sarafu mkononi, akazungumza huku akiziangalia zikiisha. Simu za mkononi zilipoenea, sauti ilipatikana kwa urahisi, lakini sura haikuonekana.

Mambo yalibadilika mwaka wa 2009. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na nchi za nje, na gharama yake ilikuwa kubwa. Mwaka huo nyaya mbili za chini ya bahari zilifika Mombasa: SEACOM, na TEAMS iliyotoka Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu. Mwamu yeyote angetabasamu kusikia hayo, maana hiyo ndiyo bahari ile ile ambayo majahazi yaliivuka kwa pepo za kaskazi na kusi, karne na karne, yakileta tende na kupeleka boriti. Kisha mwaka wa 2016 WhatsApp ikaanza kupokea simu za video, na tangu hapo mwenye simu ya kawaida tu ya skrini anaweza kumwona aliye mbali.

Kwa hivyo njia ipo. Swali ni hili: tunaitumiaje?

"Msalimie nyanya"

Sikiliza simu nyingi za Jumapili zinavyokwenda. Mama anapiga, kisha anamvuta mtoto aliyekuwa akicheza. "Msalimie nyanya." "Shikamoo nyanya." "Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo? Shule yaendaje?" "Vizuri." "Umekula nini?" "Wali." Kimya. Mtoto anaponyoka, anarudi kwenye mchezo wake. Huko Amu, nyanya anabaki akitazama dari ya nyumba ya Nairobi, na huku Nairobi inaonekana nusu ya paji la uso wake.

Usimlaumu mtoto. Mtoto mdogo hajui kuketi akazungumza habari za dunia. Yeye huishi na vitu: kikombe, paka, mlango, jiwe. Hata akiwa na nyanya yake ana kwa ana hawaketi wakahojiana. Hufuatana naye jikoni, humshika leso, humuuliza "hiki ni nini?" mara arubaini. Upendo wa mjukuu na nyanya hukua katika kufuatana huko.

Basi siri ya simu ya video ni hiyo hiyo. Usiifanye mahojiano. Ifanye matembezi. Mwache nyanya, au kijana wa nyumbani aliye karibu naye, aishike simu amtembeze mtoto. Simu moja, mahali pamoja. Wiki hii barazani, wiki ijayo jikoni, wiki nyingine ufuoni. Baada ya mwaka mtoto atakuwa na Amu yake kichwani, na ndani ya Amu hiyo nyanya ndiye mwenyeji.

Mtembeze

Anzeni gatini, mahali ambapo mtoto mwenyewe atateremka siku moja. Mwonyeshe mashua zikipakua mizigo. Kisha ingieni Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Ngome hiyo ya mawe ilijengwa kati ya mwaka wa 1813 na 1821, ikaja kutumiwa kama gereza hadi 1984, na leo ni jumba la makumbusho. Mtoto wa miaka mitano atataka kujua jambo moja tu: "Wafungwa walikuwa wanakula nini?" Mwache aulize. Nyanya akiwa ni mzaliwa wa hapo, huenda anaikumbuka enzi ya gereza, na hapo utasikia habari ambazo hata wewe hukuwahi kuambiwa.

Siku nyingine pitieni Usita wa Mui, yaani barabara ya mji kwa Kiamu. Mitaa ya mji huu wa kale, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, ni myembamba hata gari haliwezi kupenya. Mizigo hubebwa na punda: mchanga, mawe, magunia ya unga. Mtoto aliyezoea matatu na bodaboda atashangaa kuona wanadamu ndio wanaompisha punda. Mwambie kwamba punda wa Amu wana hata zahanati yao, iliyofunguliwa mwaka wa 1987. Kuanzia siku hiyo hataki simu ikatwe kabla hajaonyeshwa punda.

Ndani ya nyumba kuna mengi zaidi. Kama nyumba ya nyanya ni ile ya kale ya mawe, ukutani mna zidaka, vile vijishubaka vya chokaa vilivyopangwa safu kwa safu. Hapo pana mchezo tayari. Nyanya afiche kitu kidogo, kijiko au pipi, kisha mtoto akisie kimewekwa kidaka kipi: cha juu, cha chini, cha kulia, cha katikati. Atajifunza kuhesabu na kupambanua pande bila ya kujua kwamba anafunzwa.

Jikoni, nyanya akune nazi. Akisema, "Ngoja nikalie mbuzi," mtoto wa Nairobi atashtuka na kumtafuta mnyama. Kumbe ni kile kibao chenye meno ya chuma. Vivyo hivyo nyanya akimwita, "Ndoo!" mtoto anaweza kwenda kuleta ndoo ya maji, maana hajui kwamba Waamu husema ndoo pale tusemapo njoo, na ndia pale tusemapo njia, na mato pale tusemapo macho. Watacheka wote wawili. Lakini angalia kilichotokea: mtoto amepata maneno ya kwao, tena kwa kicheko. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mjukuu anayeishi Nairobi hataipata lahaja ya Kiamu katika kitabu cha shule. Ataipata kinywani mwa nyanya, na kinywa hicho hakitakuwapo milele.

Nipe mji

Kuna kitu kimoja tulichorithi ambacho ni kama kilitungwa kwa ajili ya simu ya video. Ni vitendawili.

"Kitendawili!" anaita nyanya. "Tega!" anajibu mtoto. "Nyumba yangu haina mlango." Mtoto anafikiri. Kama picha imekwama kidogo, si neno, kwani kitendawili kinataka kusubiri. Akishindwa, nyanya anasema, "Nipe mji." Mtoto anatoa mji, "Nakupa Nairobi!" Naye nyanya anaupokea, anasafiri kwa maneno: "Nikaenda Nairobi, Nairobi ikanikaribisha, nikala, nikanywa, watu wa Nairobi wakaniambia jibu ni yai."

Je, waona? Katika mchezo huo mjukuu amempa nyanyake mji wake, naye nyanya amefika Nairobi bila ya nauli. Wiki ijayo mtoto atatoa Mombasa, kisha Malindi, kisha Witu. Bandikeni ramani ya Kenya ukutani, na kila mji unaotolewa utiwe alama ya kalamu. Mwisho wa muhula njia nzima ya kwenda Amu itakuwa imechorwa.

Wanafunzi wa sekondari nao wana faida yao hapa. Nyinyi mnaosoma fasihi simulizi mnatafuta vitendawili, methali na ngano za kukusanya. Ghala liko kwenye simu ya mamako. Omba ruhusa, chukua daftari, andika kila kitu kama kilivyosemwa, pamoja na jina la mahali na tarehe.

Jua la Amu

Jambo jingine ambalo watoto hulipenda ni jua. Amu iko mashariki zaidi ya Nairobi. Saa zetu ni zile zile, lakini jua huchwea Amu kama robo saa kabla ya kuchwa Nairobi. Pigeni simu jioni kabla ya magharibi. Huku Nairobi nje kungali na mwanga, na kule kwa nyanya giza linaanza kushuka juu ya maji. Mtoto atauliza kwa nini. Chukua chungwa na tochi, umweleze jinsi dunia inavyozunguka. Hilo ni somo la sayansi lenye sura ya nyanya ndani yake.

Hata hivyo, zingatia saa za ibada. Adhana ya magharibi ikisikika, simu ikatwe kwa heshima, na mtoto ajue ni kwa nini. Wakati mzuri ni baada ya alasiri, kuanzia saa kumi na moja hivi, joto likiwa limepungua na nyanya amemaliza shughuli zake.

Adabu na mitambo

Kabla ya yote, piga hodi. Hungeingia nyumbani kwa mtu wa Amu moja kwa moja hadi chumbani. Basi hata simu ya video ni kuingia nyumbani. Tuma ujumbe au piga simu ya sauti kwanza: "Nyanya, twaweza kukuona?" Mpe nafasi ya kujitanda leso yake. Mkitembea mitaani, kijana aliyeshika simu asiwaelekezee kamera akina mama wapitao. Watu hawapendi, nao wana haki.

Nyumba za kale za Amu zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta hizo huleta ubaridi mzuri lakini hudhoofisha mawimbi ya simu. Picha ikikatikakatika, nyanya asogee dirishani, au apande juu darini, au atoke barazani. Akae akiuelekea mwanga wala asiupe mgongo, ama sivyo mtoto ataona kivuli kisicho na uso. Simu isishikwe mkononi kwa muda mrefu, kwani mkono wa mzee huchoka na picha hutikisika. Iegemezwe kwenye mkebe wa sukari, iwe kimo cha macho.

Tena, jicho la simu ni lile tundu dogo lililo juu ya kioo. Anayeitazama picha ya mwenzake huonekana kama ameinamisha macho. Mfundishe nyanya kwamba anapotaka kusema neno la moyoni, alitazame tundu lile. Mtoto ataona anatazamwa yeye.

Picha hula data nyingi kuliko sauti. Afadhali dakika kumi kila wiki, siku ile ile, kuliko saa nzima mara moja katika miezi mitatu. Na aliye na kipato, yaani wewe wa mjini, ndiye anunue data za pande zote mbili. Usimwache mzee akatoe hela ya samaki ili amwone mjukuu wake.

Wazazi wenye watoto wachanga huuliza kama kioo hakitawadhuru. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipotoa mwongozo wake mwaka wa 2016, kiliwashauri wazazi wawaepushe watoto wa chini ya miezi 18 na vioo vya kila aina, isipokuwa simu za video. Sababu ni rahisi. Katuni haimjibu mtoto, lakini nyanya humjibu. Mtoto akicheka, nyanya naye hucheka. Lakini mtu mzima sharti aketi karibu na mtoto huyo, arudie maneno, aonyeshe kwa kidole: "Huyu ni nyanya. Nyanya anakupungia mkono." Ukimwachia simu peke yake, ataitia mdomoni.

Simu isile nauli

Sasa tulitaje lile la hatari. Simu ya video ni tamu, na utamu wake una mtego. Mzazi akishaona mtoto anazungumza na nyanya kila Jumapili, anaanza kusema, "Si wanaonana? Safari iahirishwe hadi mwakani." Mwakani inakuwa mwaka wa kesho kutwa. Kioo hakitoi harufu ya mkate wa mofa ukitoka motoni. Hakina paja la kulalia. Mkono wa nyanya haupiti kichwani mwa mtoto kupitia simu, na mkono huo kila mwaka unazidi kuwa mwepesi. Wengi wamewahi kubaki na picha mia tatu za mzee kwenye simu, na kumbukumbu moja tu ya kuketi naye.

Kwa hivyo kila simu na itazamwe kama sehemu ya safari, wala si badala yake. Wekeni mkebe karibu na ile ramani. Kila baada ya simu, kila mmoja atie chochote, hata shilingi kumi. Mtoto aliyeona punda atatia yake kwa hiari. Mkifanya hivyo, simu itakuwa inatengeneza nauli.

Na siku mtakapofika Mokowe na kuingia chomboni, usimwambie mtoto lolote. Mkiteremka gatini, mwache aongoze. Ataijua ngome. Atakuonyesha Mkunguni. Huenda akapotea kichochoro kimoja au viwili, maana vichochoro vya Amu huwapoteza hata watu wazima, lakini atauliza njia kwa jina la nyanyake, naye ataonyeshwa. Akifika mlangoni hatajificha nyuma ya mamake, kwa kuwa huyu si mgeni. Ni yule wa zidaka, wa mbuzi asiyelia, wa "nipe mji".

Leo ni Jumapili. Ikifika saa kumi na moja jioni, tuma hodi. Usimwambie mtoto amsalimie nyanya kisha akimbie. Mwambie nyanya asimame, aishike simu, aanze na mlango wake mwenyewe.